Farasi hawavunji konrodi

Swali huulizwa hivi: "Fundi, konrodi za kiwandani zinabeba farasi wangapi?" Fundi mmoja atasema mia tatu hamsini. Wa pili atasema mia nne. Wa tatu ana mteja anayekimbiza mia nne na hamsini mwaka wa pili sasa, na injini haijawahi kufunguliwa. Wote watatu wanaweza kuwa wakweli, na mwenye gari bado hajajibiwa. Farasi, yaani kipimo cha nguvu ya injini, ni jumla tu, inayopatikana hesabu nyingine zikishafanyika. Konrodi, kile kipande kinachounganisha pistoni na krenki, inachokiona ni kusukumwa na kuvutwa, na krenki, mhimili unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko, inaona kupindwa na kusokotwa. Ukitaka kujua kitakachovunjika, uliza hao farasi wanatoka wapi.

Tuchukue injini mbili ambazo wapenda magari wanazijua. Ya kwanza ni EJ20 ya Subaru yenye turbo (feni inayosukumiza hewa zaidi ndani ya injini), ile ya Impreza WRX STI za soko la Japani. Ya pili ni F20C ya Honda S2000, isiyo na turbo. Zote zina silinda nne, na ukubwa wake karibu ni mmoja: sentimita za ujazo 1994 na 1997. Subaru ilitangazwa kuwa na farasi 280, Honda 250. Kwenye karatasi ni ndugu. Lakini Subaru inatoa toki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayozidi nyutoni-mita 400 ikiwa bado kwenye mizunguko 4,400 kwa dakika, ilhali Honda ina nyutoni-mita 218 tu na inapata farasi wake kwa kukimbia hadi mizunguko 9,000. Nguvu kwa kilowati ni toki mara mizunguko, gawanya kwa 9,549. Unaweza kuongeza upande wowote wa hesabu hiyo na kupata jibu lilelile, ila chuma kilicho ndani kinaumizwa kwa namna mbili tofauti kabisa.

Tuanze na mizunguko. Pistoni ikifika juu kabisa ya silinda inasimama, kisha inageuka kurudi chini. Kinachoisimamisha na kuivuta ni konrodi. Tuseme pistoni, pete zake, pini na sehemu ya juu ya konrodi vina jumla ya gramu 600. Hayo ni makisio ya kufanyia hesabu, zako utazipima kwenye mizani. Kwenye EJ20, ambayo pistoni yake husafiri milimita 75 kutoka chini hadi juu (safari hiyo mafundi huiita stroku) na konrodi ina urefu wa milimita 130.5, konrodi inavutwa kwa nyutoni kama 15,500 injini ikiwa kwenye mizunguko 7,000. Hiyo ni sawa na kuning'iniza tani moja na nusu na ushei, zaidi ya uzito wa Impreza yenyewe, kwenye kipande cha chuma unachoweza kukifunga kiganjani. Weka gramu zilezile 600 kwenye Honda, yenye stroku ya milimita 84, uipeleke mizunguko 9,000: mvuto unafika nyutoni 28,500 hivi, karibu tani tatu. Karibu mara mbili ya Subaru, na hatujagusa petroli bado.

Mvuto huo unapanda kwa mraba wa mizunguko. Kutoka 7,000 kwenda 8,000 umeongeza moja ya saba tu, lakini mvuto umeongezeka kwa asilimia 31. Ndiyo maana mtu anayemwambia fundi wa kompyuta ya injini "nipandishie kikomo kidogo tu, elfu moja" hajaomba kidogo.

Sasa shinikizo. Silinda ya EJ20 ina kipenyo cha milimita 92, kwa hiyo uso wa pistoni una eneo la sentimita za mraba 66. Injini ya turbo iliyobanwa sawasawa inaweza kufikisha bar 100, kama mara mia ya shinikizo la hewa ya kawaida, ndani ya silinda wakati wa mlipuko, na kupita hapo. Kwa bar 100 pistoni inagongwa na nyutoni 66,000, karibu tani saba. Ukilinganisha na zile tani moja na nusu za mvuto, utadhani mvuto ni mchezo. Sivyo. Chuma hustahimili kusukumwa kuliko kuvutwa, kwa sababu ufa ukisukumwa hujifunga, ukivutwa hufunguka. Kinachoishinda konrodi ikisukumwa ni wembamba wake: inapinda, kama fimbo unayoiegemea kwa uzito wako wote.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Pistoni inapofika juu wakati wa mlipuko, gesi inaisukuma chini na uzito wake wenyewe unataka kuendelea kwenda juu. Nguvu hizo mbili zinapunguzana. Kwa mizunguko 7,000, kati ya nyutoni 66,000 za gesi konrodi inabaki na 50,000 hivi. Kwa mizunguko 3,000, mvuto wa pistoni ni nyutoni 2,900 tu, kwa hiyo karibu mzigo wote wa gesi unaiangukia konrodi. Maana yake ni kwamba turbo inayomwaga shinikizo lake lote mapema, injini ikiwa bado chini, inapinda konrodi kwa urahisi kuliko shinikizo hilohilo likija juu. Na mzunguko ule ambao hauna mlipuko, valvu za kutolea moshi zikiwa wazi, hakuna gesi ya kuipunguzia konrodi mvuto. Injini ya mizunguko 9,000 inavutwa hivyo mara 75 kila sekunde.

Magari ya mbio za nyika ni shule nzuri ya upande wa shinikizo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, turbo za magari ya daraja la juu zilifungiwa kizuizi cha hewa chenye tundu la milimita 34, na farasi wakahesabiwa kama 300. Injini isiyoweza kupumua juu haina sababu ya kukimbia juu, hivyo mafundi wakahamishia juhudi zao kwenye toki ya chini. Subaru walioshinda Safari Rally mwaka 1996 na Kenneth Eriksson, 1997 na Colin McRae, na 2000 na Richard Burns, hawakuwa na farasi wa kutisha. Walikuwa na injini inayosukuma kwa nguvu kutoka chini, kilomita baada ya kilomita ya vumbi na matope, na konrodi zilizolazimika kuzoea hivyo.

Ukitaka kuona konrodi iliyosongwa kupita kiasi, huhitaji kwenda kwenye mbio. Subiri masika. Gari linaingia kwenye maji pale Jangwani, au kwenye barabara yoyote ya Nairobi iliyogeuka mto, injini inavuta maji kupitia kisafisha hewa, inazima ghafla. Maji hayabaniki kama hewa, basi pistoni inayopanda inakutana na ukuta. Konrodi inapinda kidogo, pengine kwa kiasi usichokiona bila rula. Fundi anatoa plagi, anamwaga maji, injini inawaka, watu wanashukuru Mungu. Wiki tatu baadaye konrodi inatoka ubavuni mwa bloki. Busti, yaani shinikizo la hewa ya turbo, iliyozidi kwenye mizunguko ya chini huacha mpindo wa aina hiyohiyo, na silinda yenye konrodi iliyopinda itaonyesha kompresheni ndogo kuliko wenzake kwa sababu pistoni yake haifiki tena juu kabisa.

Basi madukani utaoneshwa maumbo mawili ya konrodi, yanayoitwa kwa herufi ambayo mkato wake unafanana nayo: I na H. Watu wanabishana kama Simba na Yanga. Kwa kawaida H huwa nyepesi kwa nguvu inayotoa na I nene hupendelewa kwa busti kubwa, lakini ukiniuliza, herufi ni jambo la tatu. La kwanza ni bolti.

Kichwa kikubwa cha konrodi, kinachokumbatia krenki, kimekatwa vipande viwili na kushikwa na bolti mbili. Mvuto wote tuliouhesabu, pamoja na uzito wa sehemu kubwa ya konrodi yenyewe, unapita hapo. Bolti iliyokazwa vizuri hutanuka kama mpira mgumu, na ule mkazo wake ndio unaobana kifuniko. Ilimradi mkazo wa kuikazia ni mkubwa kuliko mvuto wa pistoni, bolti haihisi sana kupanda na kushuka kwa mzigo. Ikilegea hata kidogo, inaanza kubeba kila pigo peke yake, na siku zake zinahesabika. Kwa hiyo mara nyingi bolti haivunjiki kwa sababu mzigo umeishinda siku moja; inavunjika kwa sababu ilikazwa pungufu.

Na kukaza kwa spana ya kipimo ni kukisia. Karibu nusu ya nguvu unayotia kwenye spana huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, kama asilimia 40 huliwa na nyuzi, na asilimia 10 tu ndiyo inayotanua bolti. Ukibadilisha mafuta ya kupakia, kutoka grisi maalumu iliyokuja na bolti kwenda oili iliyobaki kwenye kopo, umebadilisha mkazo hata kama spana imesoma namba ileile. Wanaojenga injini za mbio hupima bolti urefu kabla na baada ya kukaza, na huacha kukaza inapotanuka kiasi alichotaja mtengenezaji, mara nyingi kama milimita 0.15. Gharama ya chombo cha kupimia si kitu ukilinganisha na ya injini iliyovunjika. Bolti za kiwandani zinazokazwa kwa digrii za pembe, zile zinazopita kikomo cha kurudi, hazirudishwi tena. Zimeshatanuka moja kwa moja.

Bolti mpya zenye nguvu zikiwekwa kwenye konrodi za zamani, kichwa kikubwa kinabanwa tofauti na duara lake linaharibika kidogo. Lazima kipelekwe mashine kupimwa na kuchongwa upya. Na konrodi nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa unga wa chuma kisha kifuniko kikavunjwa makusudi ili vipande vikae pamoja kwa mparuzo wao wenyewe. Hizo hazisagwi kwenye maungio. Ukisaga umeua kile kilichokuwa kinazishikanisha.

Krenki ni habari nyingine, na ukweli ni kwamba mara nyingi inalaumiwa bure. Krenki za injini nyingi za Kijapani zenye turbo zimefuliwa kwa chuma tangu kiwandani na zinabeba zaidi ya vile mwenye gari atakavyowahi kudai. Cha kuangalia kwanza ni kiasi gani shingo zake, zile sehemu za duara zinazozunguka ndani ya beringi, zinapishana. Krenki ya EJ20 ina shingo kuu za milimita 60 na shingo za konrodi za milimita 52. Jumlisha nusu ya kila moja, 30 na 26, toa nusu ya stroku, 37.5: unabaki na milimita 18.5 za chuma kinachopita moja kwa moja kutoka shingo moja kwenda nyingine ukiitazama kwa mbele. Watu wengi hupenda kuichomeka krenki ya EJ25, ndugu yake mkubwa wa lita 2.5, yenye stroku ya milimita 79, kwenye bloki ya EJ20 ili wapate lita 2.1. Inafaa, na konrodi urefu ni uleule, ila pistoni lazima ziwe nyingine na kupishana kunashuka hadi 16.5. Si msiba. Ni kujua tu kwamba stroku ndefu hulipiwa kwenye krenki, na inalipiwa tena kwenye mvuto wa pistoni.

Krenki inasokotwa pia. Kila mlipuko unaipa msokoto mdogo, kisha inarudi, kama uzi wa gita. Kwenye mizunguko fulani mapigo ya milipuko yanapatana na mtetemo wa krenki yenyewe, na hapo msokoto unakua. Krenki fupi na nene ya Subaru, yenye beringi kuu tano kwa silinda nne, haina shida sana. Krenki ya 2JZ ya Toyota, silinda sita kwa mstari mmoja, ni ndefu, na puli yake ya mbele ina mpira wa kumeza mtetemo huo. Mpira unazeeka. Kumtoa mteja kwenye puli iliyopasuka mpira na kumuuzia puli nyepesi ya alumini isiyo na mpira, kwa sababu inang'aa, ni kumuuzia ufa. Kabla ya kununua krenki ya dola elfu mbili kwa 2JZ, nunua puli mpya.

Chuma pia huchoka, na somo hilo ni la zamani. Mwezi Mei 1842 karibu na Versailles, Ufaransa, ekseli ya kichwa cha treni ilikatika na watu zaidi ya hamsini wakafa. Wakati ule ilishangaza: ekseli ilikuwa imebeba mzigo huohuo kila siku. Miongo iliyofuata Mjerumani August Wöhler, aliyefanya kazi kwenye reli za Prussia, alijenga mashine za kuzungusha ekseli chini ya mzigo mpaka zikatike, akaonyesha kwamba chuma hukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule wa kukikata mara moja, ukirudiwa vya kutosha. Chuma nacho kina haba na haba yake. Injini kwenye mizunguko 6,000 inafikisha milipuko milioni kumi kwa kila silinda ndani ya saa 56 hivi. Jambo zuri ni kwamba chuma kina kikomo chake: mzigo ukiwa chini ya hapo, kinaweza kuendelea karibu bila mwisho. Alumini haina. Magari ya mbio za kasi za mstari mnyoofu hutumia konrodi za alumini kwa sababu zinameza pigo vizuri, na hubadilishwa kama plasta. Usimruhusu mtu akuwekee za namna hiyo kwenye gari la kwenda kazini.

Ufa huanzia kwenye uso, na mahali penye kona. Kwa hiyo ile pembe ndogo iliyoviringwa ambapo shingo ya krenki inakutana na bapa lake ina thamani kuliko jina la chuma. Fundi akisaga krenki na kuiacha pembe hiyo kali, amekupa krenki dhaifu hata kama ni ya gharama. Mdomo wa tundu la oili nao ulainishwe. Na alama ya tindo kwenye mwili wa konrodi ili "tusichanganye namba" ni mwanzo wa ufa. Andika kwa kalamu ya rangi. Krenki zilizoimarishwa uso kwa naitrojeni ni ngumu, lakini ugumu huo uko kwenye ngozi tu. Ukisaga milimita 0.25 ili uweke beringi za saizi inayofuata, huenda umekula ngozi yote au sehemu kubwa, na krenki inahitaji kurudishwa kwenye tanuru.

Majina yanayouzwa sana ni 4340, chuma chenye nikeli, kromiamu na molibdenamu kidogo. Ndugu yake wa Uingereza ni EN24, ambacho wachonga vyuma wengi wanakifahamu. Ni chuma kizuri. Shida ni kwamba maandishi kwenye boksi hayakuambii kilipozwa vipi, na 4340 iliyopozwa vibaya haina faida. Neno "billet", kuchongwa kutoka nguzo nzima ya chuma, nalo halimaanishi nguvu zaidi lenyewe; krenki iliyofuliwa vizuri ina mishipa ya chuma inayofuata umbo lake. Krenki iliyosubiwa, yaani iliyomiminwa kwenye kalibu, utaitambua kwa mstari mwembamba wa maungio ya kalibu. Iliyofuliwa ina mstari mpana uliosagwa. Ining'inize ukaigonge kwa nyundo ndogo: iliyofuliwa hulia kama kengele, iliyosubiwa hutoa sauti ya kubutuka.

Na kuna muuaji anayeua zaidi ya vyote hivi: oili. Konrodi nyingi ninazozikuta zimevunjika kwenye EJ zilianza na beringi. Beringi za injini hii ni nyembamba, nafasi ya oili kati yake na shingo inapaswa kuwa kama sehemu moja kwa elfu ya kipenyo, yaani milimita 0.05 kwa shingo ya 52. Injini ikinoki kwa petroli mbaya, yaani petroli ikijilipua ovyo ndani ya silinda, beringi inapigwa kama chapati. Oili ikipungua kwenye kona, inakauka. Beringi inazunguka, kichwa cha konrodi kinakuwa cheusi na bluu kwa moto, kinapasuka, na mwenye gari anasema konrodi za kiwandani ni mbovu.

Kwa hiyo, kabla ya kutupa vipande, visome. Mwili uliopinda ni shinikizo. Kifuniko kilichofunguka na bolti iliyokatika, kwa kawaida ni mizunguko au ukazaji. Rangi ya bluu ni oili. Na uso wa mkatiko wenye mistari iliyopangana, kama ile ambayo maji huiacha mchangani yakipwa, ni uchovu: ufa ulikuwa unatembea miezi, na mahali mistari inapoanzia ndipo palipokuwa na kosa.

Mtu mwenye EJ20 anayetaka farasi 400 bila kupita mizunguko 7,000, nitamwambia atumie krenki yake, konrodi zilizofuliwa zenye bolti bora, beringi mpya zilizopimwa, na fundi wa kompyuta atakayekubali kuchelewesha busti kidogo chini ya mizunguko 3,500. Anayetaka 9,000 aanze na pistoni nyepesi, kila gramu inayotoka juu ya konrodi inamsaidia zaidi kuliko chuma cha bei. Krenki ya zamani ioshwe vizuri, ipitishiwe sumaku, inyunyiziwe unga wa chuma. Unga ukitawanyika sawa, ipimwe shingo na irudi kazini. Unga ukijipanga mstari kwenye kona ya shingo, hata kama jicho halioni kitu, inakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.